Moshi wa gari la umeme uko wapi?

Pikipiki ya umeme ipitapo katika Barabara ya Bombo, mjini Kampala, hutambulikana kwa vile ilivyokosa. Haina mngurumo, haina bomba la moshi, wala haimwachii mama anayechoma mahindi kando ya njia wingu la kumfanya afumbe macho. Hata hivyo liko swali moja linalouandama usafiri huu popote uendapo, nalo ni swali la haki: umeme wenyewe watoka wapi? Ikiwa mtambo unaoufua huchoma mafuta au makaa ya mawe, je, moshi haukuondolewa barabarani ukapelekwa tu mahali pengine?

Jibu halifanani katika kila nchi. Magari mawili yaliyotoka katika kiwanda kimoja, siku moja, yakapelekwa moja Kampala na jingine Johannesburg, hayatakuwa sawa hata kidogo kwa hesabu ya hewa chafu, ingawa rangi, matairi na betri zao ni zile zile. Tofauti yao haimo ndani ya gari. Imo ukutani, katika tundu la umeme linalochomekwa waya wa kuchajia.

Kwa upande wa Kampala, nyuma ya tundu hilo kuna maji. Umbali wa kilomita zipatazo 80 mashariki ya mji huo, pale Jinja, Mto Nile unatoka katika Ziwa Victoria. Mwanasiasa Mwingereza Winston Churchill alipopita hapo katika safari yake ya mwaka 1907 alistaajabu kuona nguvu nyingi kiasi kile zikipotea bure, naye akaandika kwamba mto ungefaa ufungwe mitambo. Ilichukua karibu nusu karne. Bwawa la Owen Falls, ambalo leo huitwa Nalubaale kwa jina ambalo Waganda huliita ziwa lenyewe, lilifunguliwa na Malkia Elizabeth wa Uingereza mwezi Aprili 1954. Kwa miaka mingi baada ya hapo umeme wa Jinja ulivuka mpaka na kuwasha taa za Kenya pia.

Baada ya hapo mto ulizidi kufungwa. Mtambo wa Kiira ulianza kazi mwaka 2000 kando ya ule wa zamani. Bujagali, wenye megawati 250, ulikamilika mwaka 2012, nao ukayafunika maporomoko ambayo watu wa Busoga waliyahesabu kuwa mahali patakatifu. Hivyo si kweli kwamba umeme wa maji huja bila kumgharimu mtu kitu. Isimba, wenye megawati 183, ulizinduliwa mwaka 2019. Mkubwa kuliko yote, Karuma, uliojengwa chini ya ardhi na wenye mashine sita za megawati 100 kila moja, ulizinduliwa rasmi mwezi Septemba 2024. Ukijumlisha mitambo hiyo mitano unapata zaidi ya megawati 1,400, na yote imo katika mto mmoja. Iko mingine midogo katika mito ya milimani, iko mitambo ya viwanda vya sukari kama Kakira inayochoma makapi ya miwa, na iko ya jua, kama ile ya Soroti ya mwaka 2016 yenye megawati 10. Lakini mhimili ni Nile.

Sasa na tuingie katika hesabu, maana bila hesabu mazungumzo haya huwa ya ushabiki tu.

Uniti moja ya umeme, ile ile inayoandikwa katika risiti ya Yaka, yaani mita ya kulipia kabla ambayo kila nyumba ya Kampala inaijua, ni sawa na kilowati moja iliyofanya kazi kwa saa moja. Jopo la kimataifa la wataalamu wa mabadiliko ya tabianchi, IPCC, lilikusanya mwaka 2014 makadirio ya hewa chafu itokayo katika kila uniti, likihesabu tangu kujenga mtambo hadi kuuendesha. Kipimo cha katikati kwa makaa ya mawe kilikuwa gramu 820. Gesi asilia gramu 490. Mvuke wa ardhini gramu 38. Maji gramu 24. Msomaji na atazame tena namba ya kwanza na ya mwisho: uniti moja ya makaa ya mawe huchafua kiasi cha uniti 34 za maji.

Wako wanaopinga namba hiyo ya maji, nao wana hoja. Bwawa likifunika msitu katika nchi za joto, miti huoza chini ya maji na kutoa methani, hewa ambayo hushika joto kwa nguvu kuliko hewa ya ukaa. Yako mabwawa duniani, hasa katika Amazon, yaliyolaumiwa kwa sababu hiyo. Lakini mabwawa ya Nile ya Uganda hayakuanzisha maziwa makubwa mapya. Ghala lao la maji ni Ziwa Victoria lenyewe, lililokuwapo kabla ya mwanadamu yeyote kufikiria umeme, na mitambo kama Karuma hutumia zaidi mwendo wa mto kuliko maji yaliyolundikwa. Kwa hiyo lawama ya Amazon haiwezi kubebwa yote ikatuliwa Jinja.

Chukua bodaboda ya petroli, chombo kilichopata jina lake katika mpaka wa Busia, ambako waendesha baiskeli walikuwa wakiwavusha watu kutoka upande hadi upande. Pikipiki ndogo ya namna hiyo hutumia lita 2 na ushei kwa kilomita 100, ambazo ni mwendo wa siku moja kwa dereva mwenye bidii. Kila lita ya petroli iliyochomwa hutoa kilo 2.3 za hewa ya ukaa. Hivyo siku moja ni kilo 5. Ongeza moja ya tano kwa ajili ya kuyachimba mafuta, kuyasafisha na kuyasafirisha, maana petroli ya Kampala husukumwa kwa bomba kutoka Mombasa mpaka Kisumu na Eldoret na kisha hubebwa na malori. Jumla ni kilo 6 hivi.

Pikipiki ya umeme, kwa mwendo ule ule, hutaka uniti 4 hivi. Ukihesabu na umeme unaopotea njiani katika nyaya, mtambo hauna budi kufua karibu uniti 5. Kwa maji ya Nile hizo ni gramu 120. Si kilo, ni gramu. Kilo 6 upande mmoja, na upande wa pili uzito wa kipande kidogo cha sabuni.

Ipeleke pikipiki hiyo hiyo Afrika Kusini, ambako zaidi ya robo tatu ya umeme hutoka katika makaa ya mawe, na siku moja ya kazi itagharimu kilo 3 hadi 4. Bado ni nafuu kuliko petroli, kwa sababu mota ya umeme haipotezi nguvu kama injini, ambayo robo tatu hivi ya nguvu za mafuta yake huishia kuwa joto tupu. Lakini nafuu imepungua sana. Hapa lipo jambo la kuchekesha kidogo: kwa miaka 20, tangu 2003 hadi 2023, mitambo ya maji ya Nalubaale na Kiira iliendeshwa kwa mkataba na tawi la Eskom, shirika la umeme la Afrika Kusini ambalo nyumbani kwao ndilo lichomalo makaa hayo.

Ulaya nako kuna mfano wa namna hiyo. Norway hupata karibu umeme wake wote kutoka maji, kama Uganda, na mwaka 2024 karibu magari tisa katika kila kumi mapya yaliyouzwa huko yalikuwa ya umeme. Poland hutegemea makaa ya mawe kwa zaidi ya nusu ya umeme wake, na huko gari la umeme lina kazi ngumu zaidi ya kujitetea.

Majirani wa Afrika Mashariki hawako mbali na Uganda. Kenya hupata sehemu kubwa ya umeme wake katika mvuke wa ardhini wa Olkaria, na sehemu nyingine katika maji na upepo wa Turkana. Mwaka 2023 ilianzisha bei maalumu ya kuchajia vyombo vya usafiri, shilingi 16 kwa uniti na nusu yake saa za usiku, wakati mvuke unapokosa wateja. Tanzania ilikuwa kwa muda mrefu ikiegemea gesi ya Songo Songo na Mtwara. Bajaji ya umeme mjini Dar es Salaam siku hizo ilikuwa safi kwa kiasi cha wastani, si zaidi. Tangu Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji, lenye megawati 2,115, lilipokamilika mwaka 2025, hesabu ya Dar es Salaam imebadilika bila mwenye bajaji kugusa hata skrubu moja. Hiyo ndiyo ajabu ya chombo cha umeme: gari la petroli huzidi kuchafua kadiri linavyozeeka, lakini la umeme laweza kusafika uzeeni ikiwa nchi imejenga mitambo safi.

Lipo deni moja ambalo wauzaji hawapendi kulitaja. Kutengeneza betri hula nguvu nyingi. Taasisi ya utafiti wa mazingira ya Sweden, IVL, ilikadiria mwaka 2019 kwamba kila kilowati-saa ya ukubwa wa betri hutoa kilo 61 hadi 106 za hewa ya ukaa kiwandani. Tukishika kilo 80, betri ya bodaboda yenye kilowati-saa 3 huzaliwa ikiwa na deni la kilo 240. Mjini Kampala, ambako kila siku ya kazi huokoa karibu kilo 6, deni hilo hulipwa kwa siku 40. Mtoto anatolewa arobaini na betri imemaliza deni lake. Kwa umeme wa makaa ya mawe zingehitajika siku 100.

Kwa motokaa ya familia mambo ni mazito zaidi. Betri yake huwa ya kilowati-saa 50, na deni ni tani 4. Kwa maji ya Nile deni hulipwa baada ya kilomita 22,000 hivi, mwendo wa mwaka mmoja na nusu kwa mtu wa kawaida. Kwa umeme wa makaa ya mawe, kilomita 130,000, ambazo kwa mtu huyo huyo ni karibu miaka tisa. Mtu wa Johannesburg anayenunua gari kubwa la umeme ili aliegeshe zaidi ya kuliendesha ameifanyia dunia wema mdogo sana. Bodaboda, ambayo haipumziki tangu alfajiri hadi usiku na ambayo betri yake ni ndogo, ndiyo yenye kuleta faida ya haraka, na pengine hiyo ndiyo sababu Kampala imeanzia hapo. Kampuni ya Bodawerk, ambayo baadaye ilijiita Gogo Electric, ilianza kwa kuzing'oa injini za petroli na kuweka mota mahali pake. Zembo nayo ilijenga vituo ambapo dereva huacha betri iliyokwisha na kuchukua iliyojaa, kazi ya dakika chache, badala ya kungoja.

Vituo hivyo vina umuhimu mwingine, mkubwa kuliko unavyoonekana. Tuseme Kampala ingekuwa na pikipiki za umeme 100,000, kila moja ikila uniti 4 kwa siku. Zikichajiwa kidogo kidogo kwa saa zote 24, mzigo wake ungekuwa megawati 17 tu, ambazo mashine moja ya Karuma ingezitoa bila kutoka jasho. Lakini madereva wote wakirudi nyumbani jioni na kuchomeka betri zao kwa pamoja kati ya saa 1 na saa 5 usiku, mzigo utafika megawati 100, yaani mashine nzima, tena katika saa zile zile ambazo kila nyumba imewasha taa, televisheni na pasi. Saa hizo ndizo zinazoweza kumlazimisha msimamizi wa gridi kuamsha mtambo wa akiba. Na mtambo wa akiba, kama ule wa Namanve uliojengwa mwaka 2008, hunywa mafuta mazito. Kuchaji usiku wa manane, watu wamelala na maji yakishuka Jinja bila kazi ya kutosha, hakuongezi moshi wowote.

Hapa ndipo historia inapotoa onyo. Wakazi wa Kampala wenye umri wa kutosha hawajasahau miaka ya 2005 na 2006. Maji ya Ziwa Victoria yalishuka kwa zaidi ya mita moja katika miaka michache. Magati yalibaki juu ya tope, boti zikashindwa kufika penye mizigo, na mitambo ya Jinja ikakosa maji ya kuigeuza. Umeme ulikatwa kwa zamu, mtaa huu leo na ule kesho, kwa saa 24 nzima. Nyama ziliharibika katika majokofu, mafundi cherehani wakarudia mashine za miguu, na hospitali zikahesabu madebe ya dizeli. Wataalamu walibishana juu ya chanzo. Wengine walilaumu ukame. Wengine walisema kwamba mabwawa mawili ya Jinja yalifungulia maji mengi kupita kipimo kilichokubaliwa na nchi za mto huo tangu zamani. Inaonekana pande zote mbili zilikuwa na sehemu ya ukweli.

Serikali ilikodi mitambo ya dizeli, wa kwanza ukisimamishwa Lugogo mwaka 2005, katikati ya mji. Bei ya umeme ilipanda. Kwa muda wa miaka hiyo, umeme wa Kampala haukuwa tena ule umeme safi wa Nile. Kama zingekuwapo pikipiki za umeme wakati huo, sehemu ya mwendo wao ingekuwa ya dizeli, nao wapinzani wangecheka kwa haki.

Wala si upungufu tu unaoleta taabu. Mwaka 2020 ziwa lilijaa kuliko wakati wowote tangu kuanza kupimwa, likapita kidogo hata kile kimo cha mwaka 1964, na maji yakaingia nyumba za watu katika fukwe za nchi zote tatu. Mwezi Aprili mwaka huo kisiwa cha magugu na udongo kilimeguka, kikaelea hadi Jinja na kuziba mtambo. Nchi nzima ikaingia gizani. Ndiyo hali ya kutegemea mto mmoja: ukame ni adui, na wingi wa maji nao ni adui.

Wakati wa giza kama huo, mwenye duka hufanya nini? Hutoa jenereta uani. Na hapa hesabu ya pikipiki ya umeme huanguka kabisa. Jenereta ndogo ya petroli, ile ya kubebwa mkononi, hutoa uniti 2 hivi kwa lita moja. Betri inayotaka uniti 4 itakula lita 2 za petroli. Pikipiki ya petroli, kwa mwendo ule ule, ingetumia lita 2 na ushei. Mwenyewe amelipa gharama ya betri, amevumilia kelele ya jenereta usiku kucha, na hewa haikupata nafuu yoyote ya maana. Bora dereva alale, angoje umeme urudi. Kituo chenye paneli za jua juu ya paa, au chenye betri za akiba zilizojazwa kabla, ni kitu kingine. Hicho huendelea kutoa huduma safi hata gridi ikianguka.

Jua lenyewe lina mipaka yake. Mwezi Februari 2016 Uganda ilionyesha katika kiwanja cha Namboole basi lililopewa jina Kayoola, kazi ya wahandisi waliotokana na Chuo Kikuu cha Makerere, ambao mwaka 2011 walikuwa wametoa Kiira EV, gari dogo la watu wawili. Basi hilo la abiria 35 lilikuwa na paneli juu ya paa lake, na picha zake zilisambaa duniani. Lakini paa la basi ni dogo. Hata jua la Ikweta likiwaka vizuri, paneli zinazoenea hapo haziwezi kulisha basi linalobeba watu kutwa. Husaidia tu kuongeza mwendo. Mabasi ya Kayoola yaliyofuata yameegemea chaji ya tunduni, na huo ulikuwa uamuzi wa busara. Paneli zikae juu ya paa la gereji, ambalo ni pana na halihami kivulini.

Akina mama wengi watauliza faida ya haya yote ni nini katika nyumba isiyo na gari wala pikipiki. Faida ya kwanza ni pumzi. Mradi wa AirQo wa Chuo Kikuu cha Makerere, ulioanza mwaka 2015, umetundika vipimo vya hewa katika mitaa ya Kampala, na hata juu ya bodaboda zenyewe, na vimeonyesha mara kwa mara kwamba vumbi laini lipenyalo mapafuni ni nyingi kupita kiasi kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Magari si chanzo pekee. Vumbi la barabara za udongo, taka zinazochomwa na majiko yana sehemu yao. Lakini magari makuukuu ni sehemu kubwa, na serikali ililitambua hilo mwaka 2018 ilipokataza kuingiza nchini magari yaliyozidi umri wa miaka 15. Kwa jambo hili la pumzi, gari la umeme lina nafuu hata pale umeme unapotoka katika makaa ya mawe, kwa kuwa bomba la mtambo liko mbali na shule na bomba la pikipiki liko kimo cha uso wa mtoto.

Faida ya pili imo jikoni. Nyumba nyingi za Kampala hupika kwa mkaa, juu ya jiko la udongo au la bati waliitalo sigiri. Sufuria ya presha ya umeme huivisha chungu cha maharage kwa chini ya uniti moja. Nchi iliyo na maji yanayopita Karuma bila kufanya kazi inaweza kuzitumia uniti hizo barabarani au jikoni, nazo zinatosha kwa kote kuwili kwa sasa. Si dhahiri kwamba motokaa ya mtu mmoja ndiyo inayostahili kutangulizwa. Motokaa ya kilomita 100 kwa siku hula uniti 18, ambazo zingepikia jirani maharage kwa zaidi ya wiki mbili na kuacha miti kadhaa imesimama.

Faida ya tatu ni fedha, na hiyo haihitaji hesabu ya IPCC. Mwezi Januari 2022 malori yalikwama mpakani Malaba na Busia, na bei ya petroli nchini Uganda ikaruka ghafla hata nauli za bodaboda zikawashinda wengi. Maji ya Jinja hayapiti Malaba.

Kwa wale ambao tayari wana betri nyumbani, yako mambo machache ya kuangalia. Isichajiwe chumbani mwa kulala wala karibu na sigiri, kwa maana betri iliyoharibika ikishika moto huwaka kwa ukali na haizimiki kwa ndoo moja ya maji. Iliyoanguka au kuvimba irudishwe kwa fundi, isijaribiwe. Waya wa kuchajia usiunganishwe kwa kusokotwa na nailoni. Na pale inapowezekana, ichomekwe baada ya saa 6 usiku.

Mambo mawili yanakwenda pamoja nchini Uganda wakati huu, nayo hayaelekei upande mmoja. Magharibi, kando ya Ziwa Albert, visima vya Tilenga na Kingfisher vimechimbwa, na bomba la kilomita 1,443 limeelekezwa Chongoleani, Tanga, kupeleka mafuta ghafi baharini. Jinja, kiwanda cha Kiira Motors kimejengwa ili kutoa mabasi yasiyotumia mafuta. Nchi nyingine, kama Norway, zimeuza mafuta nje na kutembea kwa umeme nyumbani, bila aibu yoyote.

Lakini Norway ina mabwawa mengi katika mabonde mengi. Uganda ina mto mmoja. Kimo cha ziwa linaloulisha kimekuwa kikipimwa tangu mwishoni mwa karne ya 19, na katika muda huo kimepanda na kushuka kwa zaidi ya mita mbili. Kila pikipiki, kila basi na kila sufuria inayoongezwa katika gridi hiyo huning'inia katika kipimo hicho kimoja, mpaka hapo jua la Soroti na Tororo, ambalo leo ni la megawati chache, litakapozidishwa vya kutosha kubeba mzigo mwaka ambao mvua itakataa.